Linux: Kisima cha CentOS kilikauka, wenye seva wachote wapi?

Tangu tarehe 30 Juni 2024, seva zinazotumia CentOS 7 hazipokei tena masahihisho ya usalama. Fundi anayeandika amri ya «yum install» kwenye mashine ya namna hiyo anajibiwa kwamba anwani mirrorlist.centos.org haipatikani. Mashine ni nzima, umeme upo, mtandao unapita. Kinachokosekana ni ghala ambamo programu zilikuwa zinachotwa.

Wengi wataona kwamba hilo ni jambo la mafundi peke yao. Lakini ndani ya seva kuna orodha ya wagonjwa, pointi za wanafunzi, hesabu ya duka la dawa, mishahara ya wafanyakazi. Seva isiyopata masahihisho ni kama nyumba ambayo wezi wote wanajua ubovu wa kufuli yake, na hakuna fundi anayekuja kuibadilisha.

Ahadi iliyokatwa katikati

CentOS ilianza mwaka wa 2004. Kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza: kuchukua msimbo wa Red Hat Enterprise Linux, mfumo ambao kampuni ya Kimarekani Red Hat inauza pamoja na huduma yake, kuutengeneza upya na kuugawa bure. Kwa miaka mingi, mtu asiye na pesa ya kandarasi alipata kwa CentOS karibu kitu kile kile ambacho banki kubwa zilikuwa zinalipia.

Mwaka wa 2014 Red Hat iliuchukua mradi huo chini ya mabawa yake. Mwaka wa 2019 kampuni ya IBM ilimaliza kununua Red Hat yenyewe kwa dola bilioni 34. Kisha tarehe 8 Desemba 2020 habari ikatoka: CentOS 8, ambayo watumiaji waliitegemea hadi mwaka wa 2029, itafungwa tarehe 31 Desemba 2021. Toleo la 7, lililo la zamani zaidi, liliachwa limalize umri wake hadi Juni 2024.

Nafasi ilichukuliwa na CentOS Stream, ambayo inapokea mabadiliko kabla hayajaingia katika Red Hat yenyewe. Red Hat inasema kwamba mabadiliko hayo yanapimwa kwanza. Hata hivyo, wenye seva wengi waliona kwamba walikuwa wanapewa chakula kilichokwisha kuonjwa, na sasa wao ndio wanaambiwa waonje.

Miradi miwili ilizaliwa haraka. AlmaLinux ilitoka Machi 2021. Rocky Linux, iliyoanzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, ilitoka Juni 2021. Mwaka wa 2023 Red Hat ilibana tena: msimbo kamili wa mfumo wake ukabaki kwa wateja wake, na watu wengine wakaelekezwa kwa CentOS Stream. Rocky ilisema itaendelea kufanana kabisa na Red Hat. AlmaLinux ilichagua kuhakikisha tu kwamba programu zinazotembea kwa Red Hat zinatembea kwake pia. Miradi yote miwili iko hai, na toleo la 9 la kila mmoja limeahidiwa masahihisho ya usalama hadi mwaka wa 2032.

Programu moja, majina mawili

Kwa nini basi mwenye seva asihamie tu upande wa Ubuntu au Debian, zinazotolewa bure vilevile? Anaweza, lakini ajue kwamba anahamia katika jamii nyingine.

Jamii ya Debian, ambamo Ubuntu imo, inasakinisha programu kwa amri ya apt. Jamii ya Red Hat inatumia dnf, na zamani ilikuwa yum. Seva ya wavuti Apache inaitwa apache2 upande wa kwanza, na httpd upande wa pili. Ukisakinisha Apache kwa Debian, inawaka yenyewe mara moja. Kwa Rocky au AlmaLinux inabaki imelala mpaka fundi aiamuru kuwaka, kisha afungue mlango katika ukuta wa moto. Jamii ya Red Hat inakuja pia na mlinzi anayeitwa SELinux. Huyu anaweza kukataza programu isisome faili hata kama ruhusa zote zinaonekana sawa. Mafundi wengi, wakichoka, wanamzima, na hapo seva inabaki bila askari.

Matoleo nayo hayafanani. Anayeomba PostgreSQL, programu ya kutunza hifadhidata, anapata toleo la 15 kwa Debian 12 na la 16 kwa Ubuntu 24.04. Kwa CentOS 7 alikuwa anapata 9.2. Ndiyo maana maelekezo yaliyoandikwa kwa mashine moja yanavunjika kwenye nyingine, na kijana anayejifunza anadhani kosa ni lake.

Hatari ya kuchota kila mahali

CentOS 7 ilibaki hadi mwisho na PHP 5.4 na Python 2.7, programu ambazo watengenezaji wake wenyewe walikwisha kuziacha. Aliyetaka mpya alilazimika kuongeza ghala la watu wengine, ama kupakua faili ya amri kwenye intaneti na kuiendesha kwa uwezo wote wa mwenye mashine. Kila ghala linaloongezwa ni ufunguo wa nyumba unaopewa mtu mwingine. Kabla ya kuutoa, inafaa kumjua.

Tukio la XZ lilionyesha uzito wa jambo hilo. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanya kazi juu ya PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ndogo ya kubana faili, XZ, yalifichwa mlango wa siri. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwenye seva kwa njia ya SSH kulichelewa karibu nusu sekunde. Aliyeweka mlango huo alijiita Jia Tan, na alikuwa ameisaidia kazi ya XZ kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa.

Matoleo hayo mabaya yalikuwa yamefika katika Debian ya majaribio na Fedora iliyokuwa inatayarishwa. Hayakuwa yameingia katika Debian ya kawaida, Ubuntu ya muda mrefu wala Red Hat. Wanaolalamika kwamba mifumo hiyo inatoa programu za zamani wanasahau faida hiyo: kuchelewa kwake kunaacha muda wa wengine kuona ubaya.

Hesabu ya mashariki mwa Congo

Mashariki mwa inchi, kila uamuzi wa seva unagongana na mambo matatu: megabaiti, umeme na njia ya kulipa. Tangu banki zilipofungwa mjini Goma mwanzoni mwa mwaka wa 2025, kulipa kandarasi ya ngambo kila mwaka kumekuwa mzigo mzito zaidi. Kuna kampuni zinazouza masahihisho ya CentOS 7 hata baada ya kifo chake, lakini nazo zinadai malipo ya kuendelea. Kwa ofisi nyingi, mfumo wa bure wenye umri mrefu ndio njia iliyobaki.

Kwa upande wa megabaiti, kuna dawa isiyojulikana sana. Katika jamii ya Debian, programu apt-cacher-ng inaruhusu mashine moja ya ofisi kupakua pakiti mara moja na kuzigawia zingine. Ofisi yenye kompyuta ishirini haitalipia pakiti ile ile mara ishirini. Upande wa Red Hat, amri ya reposync inanakili ghala zima au sehemu yake kwa matumizi ya ndani.

Chaguo linategemea pia kazi yenyewe. DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo inayotumiwa na RDC katika mfumo wake wa habari za afya, inahitaji Java, Tomcat na PostgreSQL, na maelekezo yake ya kusakinisha yanafuata Ubuntu. Anayeiweka kwenye mfumo mwingine anaweza kufaulu, ila wakati wa shida atakuwa peke yake njiani.

Kuna pia upande wa sheria. Kanuni ya kidijitali ya RDC, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, inazungumzia ulinzi wa data za watu. Shirika linalotunza majina na magonjwa ya wanainchi juu ya seva iliyoachwa litapata shida kueleza kwamba lilikuwa linazilinda.

Kuhama bila kupoteza

Pakiti za zamani za CentOS 7 bado zipo kwenye vault.centos.org, na fundi anaweza kuelekeza mashine yake huko. Amri itafanya kazi tena, lakini hakuna sahihisho jipya litakalotoka huko. Njia hiyo inafaa kwa siku chache za kutayarisha safari. Kukaa huko ni kujidanganya.

AlmaLinux ina chombo kinachoitwa ELevate, kinachopandisha CentOS 7 hadi toleo la 8, kisha la 9, hatua kwa hatua. Umeme ukikatika katikati, mashine inaweza kubaki si ya zamani wala si mpya. Njia salama zaidi ni kutayarisha seva mpya pembeni, kuhamisha data, kupima, kisha kuzima ya zamani. Kwa PostgreSQL, haitoshi kunakili folda: toleo jipya halifungui faili za toleo la zamani. Data inatolewa kwa pg_dump na kurudishwa upande wa pili. Na nakala ya akiba isiyowahi kujaribiwa haihesabiwi kuwa nakala.

Kisa cha CentOS hakitakuwa cha mwisho. Masahihisho ya kawaida ya Ubuntu 20.04 yalikoma mwaka wa 2025, na masahihisho ya muda mrefu (LTS) ya Debian 11 yaliwekewa mwisho wa Agosti 2026. Kabla ya kusakinisha chochote, mwenye seva angeuliza mambo matatu: nani anatunza ghala hili, hadi mwaka gani, na siku likifungwa data zitatoka kwa njia gani. Kwa mashine ambayo tayari inafanya kazi, jibu la kwanza linapatikana kwa amri moja isiyodai megabaiti hata moja: «cat /etc/os-release». Inaonyesha jina la mfumo na toleo lake. Kilichobaki ni kuhesabu miezi.