Columbus Jumamosi hii: mwenye kuogopa si Michigan

Jumamosi hii, tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 2024, timu ya chuo kikuu cha Michigan itatoka Ann Arbor, isafiri karibu kilomita 300, iende kupambana na Ohio State nyumbani kwake Columbus. Kwa hesabu ya karatasi, ni safari ya kwenda kupigwa. Ohio State ni ya pili katika orodha ya nchi nzima: imeshinda mechi 10, imepoteza 1. Michigan imeshinda 6, imepoteza 5. Nyumba za kubeti zinasema tofauti itakuwa karibu pointi 20.

Ndiyo maana juma hili mashabiki wengi wa Michigan wanaongea kama watu wanaokwenda kwenye matanga. Twende, tuzike, turudi nyumbani, tungojee msimu ujao. Wanakosea. Kati ya timu hizi mbili, yenye mzigo mzito kichwani ni ile inayocheza kwake.

Wasomaji wa Goma, Bukavu ao Lubumbashi wanaweza kujiuliza mambo haya yanawahusu nini. Yanawahusu kidogo. Familia nyingi za Wakongomani, wengi wao kutoka Kivu, zilipelekwa Marekani kama wakimbizi na leo zinaishi Grand Rapids, katika jimbo la Michigan. Ohio pia wapo. Watoto wao wanasoma katika mashule ambamo, juma hili la mwisho la mwezi wa 11, hakuna mtu anayeruhusiwa kukaa katikati. Ni kama Lubumbashi siku ya Mazembe na Lupopo: hata asiyejua mpira anaulizwa yeye ni wa upande gani.

Mchezo wenyewe si mpira wa miguu tuliouzoea. Kila upande una watu 11 uwanjani. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita 9 hivi. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wengine. Kufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho ni pointi 6, kuupiga kwa mguu kati ya milingoti ni pointi 3. Wachezaji ni wanafunzi wa chuo kikuu, lakini asidhani mtu kwamba ni mchezo wa shule. Uwanja wa Ohio State unachukua watu zaidi ya 102,000, na ule wa Michigan zaidi ya 107,000. Huo ni umati ambao hakuna kilabu cha Ulaya kinaweza kuuweka katika uwanja wake.

Timu hizi zilikutana mara ya kwanza mwaka 1897. Ugomvi wa majimbo yenyewe ni wa zamani zaidi, kwani mwaka 1835 Ohio na Michigan walikusanya askari wakigombania mji wa Toledo. Ohio ilipata mji, Michigan ikapewa eneo kubwa la kaskazini lenye misitu na madini, na hadi leo kila upande unadai kwamba wenyewe ndio walifanya biashara nzuri. Katika mpira, Michigan bado inaongoza kwa jumla ya ushindi. Lakini kijana wa Michigan aliyekua kati ya mwaka 2012 na 2019 hakujua hayo, maana Ohio State ilishinda mechi zote nane za miaka ile. Alijifunza kuchekwa kila mwaka.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2021 Michigan ilishinda 42-27 chini ya theluji. Mwaka 2022 ilikwenda Columbus, ambako haikuwa imeshinda tangu mwaka 2000, ikapata 45-23. Mwaka 2023 ikashinda 30-24, na mwisho wa msimu ule ikachukua ubingwa wa nchi bila kupoteza hata mechi moja. Watu wa Ohio wana jibu lao: Michigan ilikuwa inaiba ishara za makocha wa timu nyingine. Ni kweli kwamba mtumishi mmoja wa Michigan alichunguzwa kwa jambo hilo, na kocha Jim Harbaugh alifungiwa mechi tatu za mwisho kabla ya fainali za mwaka ule, ikiwemo ya Ohio State. Lakini siku ile ya 30-24 Harbaugh hakuwa uwanjani, kashfa ilikuwa imekwisha kujulikana na dunia nzima, na Michigan ilishinda bado. Shabiki wa Michigan ana haki ya kukumbusha hilo.

Sasa tazama upande wa pili. Kocha Ryan Day ameshinda mechi 66 akiwa Ohio State na kupoteza 9 tu. Makocha wengi wangetaka rekodi kama hiyo. Shida ni kwamba kati ya hizo 9, tatu ni za Michigan. Wachezaji kama Jack Sawyer, Emeka Egbuka na TreVeyon Henderson, walioingia chuoni mwaka 2021, wangeweza kwenda kucheza kwa malipo mwaka huu. Walibaki, na sababu mojawapo waliyotaja wazi ni kwamba hawajawahi kuifunga Michigan. Huko Columbus, kila mchezaji aliyeishinda Michigan anapewa kidani kidogo cha dhahabu chenye umbo la suruali. Wao hawana. Hii ndiyo nafasi yao ya mwisho, mbele ya watu wao, dhidi ya Michigan iliyo dhaifu kuliko zote walizokutana nazo. Wakishinda, watu watasema ilikuwa lazima. Wakishindwa, hakuna atakayesahau.

Shabiki wa Michigan hana mzigo kama huo. Amekwisha kula ubingwa. Kocha Harbaugh alikwenda Los Angeles Chargers, wachezaji 13 wakachaguliwa na timu za malipo mwezi wa 4, na Sherrone Moore akaachiwa nyumba ambayo vyombo vimehamishwa. Msimu umekuwa mgumu: Texas iliwapiga 31-12 nyumbani kwao, Illinois 21-7, Oregon 38-17. Nani atashangaa wakipoteza tena?

Ila ukiangalia mchezo wenyewe badala ya orodha, utakuta jambo ambalo nyumba za kubeti hazilipimi vizuri. Mchezo huu unaamuliwa katikati, pale watu wazito wanapogongana kila mara mpira unapoanzishwa. Na katikati ndipo Michigan ina watu wake wawili bora kuliko wote, Mason Graham na Kenneth Grant, ambao kila mmoja anazidi kilo 140 na anakimbia kama mtu wa kilo 90. Ohio State imeumia pale pale. Ilimpoteza Josh Simmons, mlinzi wa upande wa kushoto wa ukuta wake, siku ya mechi ya Oregon mwezi wa 10. Kisha mwezi huu Seth McLaughlin, yule wa katikati kabisa anayeanzisha mpira, akaumia mshipa wa kisigino mazoezini. Ukuta unaosimama leo si ule ulioanza msimu, na Donovan Jackson amehamishwa kutoka nafasi yake ili kuziba pengo la Simmons.

Ni kweli kwamba Ohio State ina njia ya kuzunguka tatizo hilo. Ina Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza anayedaka mipira ambayo wengine wanaiangalia tu, ina Egbuka, na Will Howard anayewatupia. Michigan inateseka zaidi kwa mipira ya juu tangu beki wake Will Johnson aumie. Kocha mwenye akili tulivu angetupa mpira pembeni tangu dakika ya kwanza na kuwaacha Graham na Grant wakichoka bila kazi.

Je, Day atakuwa na akili tulivu? Hilo ndilo swali la Jumamosi. Kwa miaka mitatu ameambiwa kwamba timu yake ni laini, kwamba ina mbio lakini haina ubavu. Mtu aliyetukanwa hivyo mara nyingi hutaka kuonyesha ubavu wake mahali pabaya. Kama Ohio State italazimisha kukimbia katikati, tena na tena, kwa sababu tu inataka kuthibitisha kitu, basi Michigan itakuwa imepata mechi inayoitaka: pointi chache, saa inayokwenda, na watu zaidi ya laki moja wanaoanza kunyamaza.

Michigan yenyewe haiwezi kushinda mechi ya pointi nyingi, na shabiki wake asijidanganye. Imebadilisha mtupaji mara tatu msimu huu. Davis Warren, anayecheza sasa, aliingia chuoni bila kulipiwa masomo kwa ajili ya mpira, baada ya kupona kansa ya damu aliyoipata akiwa sekondari. Ni hadithi ya kuheshimiwa, lakini haimfanyi kuwa Howard. Ushindi wao mkubwa mwaka huu, 27-24 dhidi ya USC, waliupata wakiwa wametupa mpira kwa yadi 32 tu mechi nzima. Sehemu kubwa ya mengine ilikuwa miguu ya Kalel Mullings. Wana pia mpigaji Dominic Zvada, ambaye mguu wake unafika zaidi ya yadi 50. Na mapema mwezi huu walikwenda Indiana, kwa timu iliyokuwa haijashindwa na mtu, wakafungwa 17-3 hadi mapumziko, kisha wakairuhusu pointi 3 tu baada ya hapo. Walipoteza 20-15. Walinzi waliofanya kazi ile ndio wanaokwenda Columbus.

Kuna wanaosema mechi hii imepungua thamani. Tangu mwaka huu timu 12 zinaingia katika mashindano ya ubingwa wa nchi badala ya 4, kwa hiyo Ohio State inaweza kupoteza Jumamosi na bado ikaingia. Itakosa tu fainali ya ligi yao ya Big Ten huko Indianapolis, ambako Oregon inangoja. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini mwenye kuisema hajawahi kuongea na mtu wa Columbus juma hili, wakati hata herufi M kwenye mabango ya chuo inafungwa kwa mikanda myekundu. Mwaka 1969 Ohio State ilikwenda Ann Arbor ikiwa imeshinda mechi 22 mfululizo, ikapigwa 24-12. Miaka 55 imepita, bado inawauma.

Jambo moja mashabiki wa Michigan waliache: kelele za pesa. Wamesema msimu wote kwamba Ohio State imenunua timu, na mkuu wa michezo wa Ohio State mwenyewe ametaja karibu dola milioni 20 kwa kikosi hiki. Howard alitoka Kansas State, Caleb Downs alitoka Alabama, Quinshon Judkins alitoka Ole Miss. Sawa. Lakini juma lililopita Bryce Underwood, kijana wa Belleville anayehesabiwa kuwa mtupaji bora wa sekondari nchini, aliiacha LSU aliyokuwa ameiahidi akachagua Michigan, na hakuna mtu mzima anayeamini kwamba alivutwa na rangi ya jezi. Mlango huo sasa ni wa wote.

Anayetaka kuweka dau, ukweli ni kwamba Ohio State ina nafasi kubwa zaidi ya kushinda. Ikifika pointi 14 kabla Michigan haijapata kitu, mechi imekwisha. Lakini tofauti ya pointi 20 ni nyingi mno kwa timu yenye ukuta uliovunjika na kocha mwenye deni. Anayeangalia atazame saa na siyo mbwembwe: kama robo ya nne inaanza na tofauti haizidi pointi 7, mashabiki wa nyumbani ndio watakaokuwa wamesimama bila kusema neno.

Mpira unaanza saa sita ya mchana Columbus, saa moja ya jioni Goma, Bukavu na Lubumbashi.