Saa ya Ndege na Saa ya Mfanya Kazi



Yako maneno yasemwayo mezani wakati wa mapatano ya likizo, nayo yafaa tuyajibu kwa hesabu. Wako matajiri wasemao kuwa mtu afanyaye kazi Mombasa, na kwao ni upande wa Kisumu, hahitaji siku za njiani. Siku hizi kuna ndege, wasema, na ndege ni saa moja tu.

Saa hiyo imetoka wapi? Kutoka kiwanja cha ndege cha Mombasa hadi cha Kisumu, ukipima moja kwa moja, ni karibu kilomita 695. Ndege ya jeti ikiwa juu hukimbia kama kilomita 800 kwa saa. Gawanya, utapata dakika 52. Karani aligawanya sawasawa, ila alisahau kwamba ndege haianzi na mbio hizo. Hutambaa chini kwanza, hupanda, kisha hushuka pole pole. Na ndege za rafadha, zitumikazo sana katika safari za humu nchini, hazifiki mwendo huo kabisa.

Tena wengi hupitia Nairobi. Nairobi iko karibu njiani hasa: kilomita 422 kutoka Mombasa, na 280 zaidi hadi Kisumu, jumla 702. Umeongeza 7 tu. Lakini kipande cha kwanza huchukua kama saa nzima, cha pili kama dakika 50, na katikati waketi Nairobi kungojea ndege ya pili, pengine saa mbili, pengine nne. Kilomita 7 hizo ni ghali!

Bado hatujahesabu msongamano wa magari Changamwe, kufika mapema ili kukaguliwa, wala matatu ya kutoka Kisumu hadi Siaya au Bondo. Aliyetoka mlangoni alfajiri atashukuru akifika kwao jioni. Hiyo ni siku nzima, na kurudi ni siku nyingine.

Na nauli je? Anayehesabu safari kwa ndege na alipe nauli ya ndege. Wengi wetu twapanda basi, zaidi ya kilomita 800 za barabara, usiku kucha na sehemu ya mchana. Kupewa nauli ya basi na siku za ndege hatukubali. Wakati wa msiba ni vibaya zaidi: mtu hukuta kaburi limekwisha kufukiwa, naye akichelewa kurudi kwa siku moja aandikiwa barua.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yatoa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Siku za njiani twataka ziandikwe katika mapatano, mbali na hizo.

Kwa hiyo kila mwanachama arudiye kutoka likizo aandike saa aliyotoka nyumbani, saa aliyofika, na chombo alichopanda, ampe mjumbe wa chama mahali pake pa kazi pamoja na tikiti. Usiitupe tikiti.