Muhuri wa Kiapo na Jasho la Mfanyakazi



Safari hii tunazungumza juu ya muhuri. Wengi wetu katika viwanda vya Jinja na Mbale, na katika mashamba ya miwa ya Kakira, hatuufikirii muhuri mpaka siku ya kudai akiba yetu. Hapo ndipo tunapoambiwa kwamba daftari la kiwanda linasema Yokana, na kitambulisho cha taifa kinasema John. Jasho la miaka mingi husimama kwa ajili ya jina moja, na mtu hutumwa kutafuta hati ya kiapo ya kuthibitisha kwamba Yokana na John ni mtu yule yule.

Akiba hiyo si zawadi ya mtu. Chini ya sheria ya NSSF ya mwaka 1985, asilimia 5 ya mshahara wetu hukatwa kila mwezi, na mwajiri hutoa asilimia 10. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliwafunga waajiri wote, wakubwa kwa wadogo. Pia yalimruhusu mwenye umri wa miaka 45, aliyeweka akiba miaka 10, kuchukua hadi asilimia 20. Basi shida ya majina haimngojei mzee peke yake. Inaweza kumkuta mtu angali kazini.

Je, mwenye muhuri anakulaje? Kamishna wa viapo ni wakili aliyeteuliwa na Jaji Mkuu. Akiwa anajitegemea, hana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa kila hati, kama mkata miwa anavyolipwa kwa kipande. Ofisi hulipiwa kodi, karani hulipwa, na cheti cha uwakili hulipiwa kila mwaka. Siku wateja wasipokuja, hakuna kitu. Hatuna ugomvi na mtu anayeishi kwa kazi yake.

Lakini kazi hii inabadilika. Huko Marekani, jimbo la Virginia lilipitisha mwaka 2011 sheria ya kuruhusu notari kuthibitisha hati akiwa mbali, na majimbo mengi yakafuata. Mteja huonyesha kitambulisho mbele ya kamera, hutia saini kwenye kompyuta, notari hutia muhuri wa elektroniki, na picha za mazungumzo huhifadhiwa. Virginia na Florida zimeweka kikomo cha dola 25 kwa uthibitisho mmoja. Notari mwenye wateja wake mwenyewe huitoza ada hiyo. Anayepewa wateja na kampuni ya mtandao hupata sehemu tu, na kampuni hubaki na nyingine. Kompyuta, cheti cha elektroniki na bima mara nyingi ni juu yake. Ndugu, hali hiyo tunaijua. Ni kazi ya kipande, na panga ni lako mwenyewe.

Anayelipwa kwa kipande husukumwa kuharakisha. Mkata miwa akiharakisha, hujikata mguu. Mwenye muhuri akiharakisha, anayeumia ni mwenye hati.

Hapa Uganda tunazo sheria za saini za elektroniki na miamala ya elektroniki tangu mwaka 2011. Hata hivyo, saini ni jambo moja na kiapo ni jambo jingine. Sheria ya viapo inamtaka kamishna aandike kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipofanyika. Katika Rufaa ya Uchaguzi Na. 11 ya mwaka 2007, ya Kakooza John Baptist dhidi ya Tume ya Uchaguzi, Mahakama ya Juu ilikataa hati ya kiapo ambayo mwenyewe hakuiapa mbele ya kamishna. Kama mgombea ubunge mwenye mawakili aliangushwa na jambo hilo, mpakiaji magunia wa Mbale atasalimika vipi?

Wako watakaosema kamera ndiyo hatari. Sisi hatusemi hivyo. Tumeona muhuri umeachwa mezani kwa karani, na mwenyewe hayupo. Watu wanalipa, wanagongewa, wanaondoka bila kuulizwa hata jina. Hapo hakuna umbali, na kiapo pia hakuna. Kamera inayomwona mtu, kusoma kitambulisho chake na kuhifadhi kumbukumbu ni afadhali kuliko meza ya namna hiyo. Hata hivyo, mpaka sheria iseme waziwazi kwamba kiapo cha kamera kinatosha, mfanyakazi asiitie akiba yake katika majaribio. Aende mwenyewe.

Kwa hiyo tunadai haya. Kwanza, mwajiri aliyekosea jina katika daftari alipe gharama za kulisahihisha, yasikatwe mshaharani. Pili, ada za viapo zibandikwe ukutani, tuzisome kabla ya kukaa. Tatu, matawi ya chama yapange siku ambapo kamishna atakuja kiwandani au shambani, asikilize watu wengi pamoja, alipwe haki yake, nasi tusipoteze siku ya kazi na nauli. Nne, sheria ya viapo vya mbali ikitungwa, wafanyakazi washirikishwe.

Na wewe ndugu, usingoje umri wa kustaafu. Linganisha jina la kitambulisho na jina la NSSF wiki hii. Usitie saini karatasi tupu. Usilipe muhuri wa mtu ambaye hakukuona.

Umoja ni nguvu.