Askari Alinde Duka, Asilinyakue
Ndugu wanajeshi na polisi mnaofanya doria kutoka Nakawa hadi Port Bell, mji wa Jinja, ulioko kando ya Ziwa Victoria, una funzo kwetu. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Maduka yao yakagawiwa watu wengine, wakiwamo wanajeshi wengi. Mali bila daftari huisha bila habari: bidhaa zilipokwisha, wengi hawakujua pa kuagizia nyingine. Sukari ikaadimika hata karibu na mashamba ya miwa ya Kakira. Sheria ya 1982 ikafungua njia ya kurudisha mali hizo. Biashara haiendeshwi kwa amri wala bunduki. Heshima ya askari ni kulilinda duka na kulipia anachonunua.