Gari jipya nyanda za baridi: bei yake haiishii siku ya kununua

MKULIMA wa viazi wa Makete au mfanyabiashara wa mbao wa Njombe anapofikisha nyumbani pikapu mpya, jirani zake hupongeza na familia hufurahi. Ni haki yao. Gari la namna hiyo mara nyingi ni akiba ya misimu kadhaa, au nguvu ya kikundi kizima, au mkopo ambao dhamana yake ni kadi ya gari lenyewe.

Tatizo huanza siku inayofuata. Wanunuzi wengi huamini kwamba gari jipya halidai kitu chochote mpaka litakapozeeka. Fedha yote imekwisha kwa muuzaji, na iliyobaki ni ya dizeli tu. Ukweli ni kwamba katika maeneo ya baridi miaka miwili ya mwanzo ndiyo inayoamua kama gari litakuwa mtaji au mzigo. Matunzo ni sehemu ya bei ya gari. Asiye na fedha ya kulitunza hajamaliza kulilipia, hata kama hadaiwi na mtu.

Ni vema kwanza baridi inayozungumzwa ieleweke. Mji wa Njombe uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,500. Kati ya Juni na Agosti sakitu hutanda juu ya majani asubuhi, na usiku joto hufika nyuzi sifuri au kushuka chini yake. Wakulima wanaijua sakitu kwa sababu inaunguza viazi. Wachache hufikiri inachofanya ndani ya injini iliyolala nje usiku kucha.

Kosa la kwanza ni maji ya mtoni kwenye rejeta. Gari jipya hutoka dukani likiwa na kulanti, yale maji ya rangi ambayo madereva wengi huyaona kama anasa. Kikipungua kiasi kidogo, kondakta huongeza maji ya kisimani, na baada ya miezi michache kulanti yote imekuwa maji matupu. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na nguvu hiyo inatosha kupasua rejeta au hata bloku ya injini. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini haigandi mpaka joto lishuke zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo Makete haijui.

Wapo watakaosema usiku wa kugandisha maji ni michache kwa mwaka, na wanasema kweli. Lakini kulanti ina kazi nyingine mbili za kila siku. Inazuia kutu ndani ya injini, na inachelewesha kuchemka. Katika mwinuko wa mita 2,000 maji matupu huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Gari lenye mzigo likipanda mlima huku mfuniko wa rejeta umelegea, maji hayo huchemka mapema kuliko dereva anavyotegemea. Gasketi ikiungua, gharama yake ni mara nyingi ya bei ya galoni moja ya kulanti. Tahadhari moja tu: aina nyingi za kulanti ni sumu na zina ladha tamu, hivyo zihifadhiwe mbali na watoto, mbwa na mifugo.

Kosa la pili hufanywa gereji. Mafundi wengi wana mazoea ya kuondoa themostati na kuitupa, wakidai ni kifaa cha nchi za Ulaya. Themostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi, ambalo kwa kawaida ni zaidi ya nyuzi 80. Ikiondolewa katika eneo la baridi, injini hukimbia kilomita nyingi ikiwa baridi. Hula dizeli zaidi, haichomi mafuta yote, na oili huchafuka haraka. Mwenye gari huona matumizi ya dizeli yamepanda na kumshuku dereva kwamba anauza mafuta njiani, kumbe mwizi ni tundu lililoachwa wazi na fundi. Gari jipya likichemsha, dawa ni kutafuta sababu. Kuondoa themostati ni kuficha ugonjwa.

Kosa la tatu ni oili. Kopo lenye maandishi 15W-40 au 5W-30 linaeleza jambo ambalo mkulima anaweza kulisoma bila kuwa fundi. Herufi W inahusu majira ya baridi, na namba iliyo mbele yake ikiwa ndogo, oili hiyo hutiririka kwa urahisi zaidi asubuhi. Namba ya mwisho inaonyesha uzito wake injini ikiwa ya moto. Oili ya namba moja tu, kwa mfano 40, huwa nzito sana saa kumi na moja alfajiri, na vyuma husuguana kabla haijafika juu. Injini nyingi mpya zimetengenezwa kwa nafasi finyu kati ya vyuma, na kitabu cha gari hutaja oili inayofaa. Kuweka nyingine kwa sababu ni rahisi ni kuokoa shilingi na kupoteza injini.

Aidha, dereva asiwashe gari na kuondoka kwa kasi, wala asiliache linguruma nusu saa. Kwa dizeli asubiri taa ya plagi za kupashia joto izimike, awashe, asubiri dakika moja au mbili, kisha aendeshe polepole kilomita chache za mwanzo. Injini hupata joto haraka ikitembea taratibu kuliko ikisimama. Jiko la mkaa lisiwekwe chini ya injini hata siku moja, kwani magari yana mipira, nyaya na mafuta. Kioo chenye sakitu nacho kisimwagiwe maji ya moto, kwa sababu hupasuka.

Betri nayo hudhoofika. Joto likifika nyuzi sifuri, betri ya kawaida inaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu zake, wakati huohuo oili nzito inadai nguvu zaidi kuzungusha injini. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi gari likiwa limezimwa. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Kipimo cha volti ni kifaa cha bei ndogo ambacho kikundi kinaweza kununua kimoja na kukitumia kwa magari yote. Gari linalolala wiki nzima likisubiri mavuno lipewe safari fupi ya nusu saa, si kuwashwa dakika tano na kuzimwa.

Kuhusu dizeli, adui mkubwa zaidi katika nyanda za juu ni maji. Tangi likilala nusu tupu, hewa yenye unyevu iliyomo ndani hupoa usiku na kuacha matone ambayo hushuka chini ya mafuta. Ni vema tangi lijazwe jioni pale inapowezekana, na kichujio cha dizeli kifunguliwe kutoa maji kwa ratiba iliyoandikwa kitabuni. Pampu na nozeli za injini za kisasa ni ghali, na maji huziharibu bila kutoa taarifa mapema.

Liko jambo jingine ambalo halitajwi mara nyingi. Katika nchi za theluji, kama Kanada na kaskazini mwa Japani, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chesisi za magari. Ndiyo maana mnunuzi makini wa gari lililotumika Japani huchungulia chini yake kabla ya kulipa. Njombe hakuna anayemwaga chumvi barabarani, lakini mkulima hubeba chumvi yake mwenyewe: mbolea. DAP, CAN na UREA hunyonya unyevu. Punje zilizomwagika kwenye bodi zikikutana na ukungu wa nyanda za juu hugeuka maji makali yanayokula rangi na chuma. Pikapu inayobeba mbolea Novemba na kuoshwa Krismasi imeshaanza kuoza.

Kinga yake haina gharama kubwa. Turubai litandikwe chini ya mifuko, bodi ifagiliwe siku hiyohiyo, kisha gari lioshwe kwa maji mengi, hasa chini, kwenye kona na matundu ya kutolea maji. Lisifunikwe kwa nailoni likiwa bichi, kwa kuwa nailoni hufungia unyevu ndani. Banda lenye paa na upande ulio wazi kwa upepo ni bora kuliko chumba kilichofungwa pamoja na mahindi. Panya hupenda joto la injini, na ghala likiwa jirani watalala humo na kutafuna nyaya.

Yote haya yana maana gani kwa mfuko wa mkulima? Hesabu ya mfano inaweza kusaidia. Pikapu imenunuliwa kwa shilingi milioni 90. Mmiliki wa kwanza anaitunza miaka 8 na kuiuza kwa milioni 34. Thamani iliyopotea ni milioni 56, yaani milioni 7 kwa mwaka. Mmiliki wa pili hatunzi, injini inanoki, na baada ya miaka 4 anaiuza kwa milioni 30. Amepoteza milioni 60, yaani milioni 15 kwa mwaka. Tofauti yao ni milioni 8 kila mwaka.

Sasa gharama ya matunzo. Gari likitembea kilomita 30,000 kwa mwaka na kufanyiwa matengenezo kila kilomita 5,000, hiyo ni mara 6. Kila moja ikigharimu shilingi 350,000, jumla ni milioni 2.1. Ongeza 600,000 za kulanti, betri, kuosha na mengineyo, inakuwa milioni 2.7. Hiyo ni shilingi 90 kwa kilomita. Kwa safari ya kilomita 300 kwenda na kurudi ni shilingi 27,000, na kama gari lilibeba magunia 10, ni shilingi 2,700 kwa gunia. Bei hubadilika kutoka mahali hadi mahali, na kila mkulima aweke za kwake, lakini hata zikiongezeka mara mbili bado atunzaye yuko mbele.

Hesabu hiyo inadai gunia liwe la kilo 100 kweli. Pikapu ya tani moja inayopakiwa lumbesa 10 imezidishiwa mzigo tangu sokoni. Ikipanda milima ikiwa na injini baridi asubuhi, matunzo yote yaliyotajwa hapo juu hayataiokoa.

Serikali yenyewe inatambua kwamba gari huchakaa haraka. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iliyaweka magari ya mizigo yaliyo chini ya tani 7 katika kundi la kwanza la uchakavu, kwa kiwango cha asilimia 37.5 ya thamani inayobaki kila mwaka. Mfanyabiashara anayetunza hesabu hunufaika na kiwango hicho. Asiyeandika kitu huona fedha ya nauli ikiingia na kudhani yote ni faida, kumbe anakula gari lake kidogo kidogo.

Kwa mantiki hiyo, mzigo huu usiachiwe mkulima peke yake. Wauzaji wa magari wanaopokea mamilioni ya shilingi kutoka kwa wakulima wanapaswa kutoa maelekezo ya matunzo kwa Kiswahili, yakieleza oili, kulanti na ratiba kwa anayeishi kwenye baridi na vumbi. Mnunuzi naye aulize kabla ya kulipa: gereji inayotambuliwa na muuzaji iko umbali gani, na dhamana ya gari itafutika kwa sababu zipi? Matengenezo yakikosa kumbukumbu, muuzaji anaweza kuikataa dhamana, na mwenye gari atakuwa hana la kujitetea.

SACCOS na benki nazo zina maslahi. Gari lililowekwa dhamana likinoki katikati ya mkopo, mkopaji anakosa marejesho na mkopeshaji anabaki na chuma. Ni busara mkopo wa gari ujumuishe fedha ya matunzo ya mwaka wa kwanza, na daftari la matengenezo likaguliwe kama marejesho yanavyokaguliwa. Gharama ya kukagua daftari ni ndogo kuliko ya kuuza gari bovu kwenye mnada.

Kwa upande wa vikundi, utaratibu rahisi ni kutenga shilingi 90 kwa kila kilomita, au kiasi kitakachokubaliwa, mara gari linaporudi safari na kabla ya kugawana chochote. Fedha hiyo iwekwe kwenye akaunti au simu isiyo ya dereva, na kilomita zisomwe kwenye dashibodi mbele ya watu wawili. Kikundi kinachoshindwa kutenga kiasi hicho hakijawa tayari kwa gari jipya. Kitafanya vizuri zaidi kuendelea kukodi lori la mtu mwingine msimu mmoja au miwili, mpaka hesabu zikae sawa.