Barua iliyolala katika jalada letu

 

Ndugu wasomaji, wiki hii tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Mwishoni mwa mwezi wa Shaaban uliopita, baada ya swala ya Alasiri, alifika katika ofisi ya msikiti mama mmoja wa mtaa wetu akiwa na binti yake, aliyepata kuwa mwanafunzi wa madrasa yetu. Binti alikuwa na daftari kubwa alilolijaza utenzi wa beti zaidi ya 300 juu ya maisha ya wajane na mayatima. Kulikuwa na taasisi iliyotangaza ruzuku kwa waandishi vijana, na miongoni mwa masharti yake ilikuwa barua ya utambulisho kutoka kwa jumuiya inayomfahamu mwombaji. "Ustadh," alisema mama, "sisi tunahitaji barua, saini na muhuri tu."

Tulizipokea karatasi zile, tukazitia katika jalada, tukasema kwamba kamati ikikutana italizungumza. Ukaingia mwezi wa Ramadhani, na kila mtu akashughulika na futari, mikeka na ratiba ya tarawehe. Tulipolifungua jalada lile tena, siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa imepita kwa siku mbili. Mama hakutulaumu. Alisema, "Haidhuru, mwanangu, Mungu hakuandika." Maneno yale yalituchoma zaidi ya lawama, kwa sababu qadar ni ya Allah, lakini uzembe ulikuwa wetu.

Maulamaa wametufundisha kwamba anayemkosea mja hatosheki na istighfari peke yake, bali hana budi kulirekebisha alilolivunja. Kwa hiyo tulijifunza fedha za waandishi na wasanii zinapatikana wapi, zinaombwa vipi, na zina mitego gani. Haya tunayoyaandika leo ni sehemu ya kulipa deni lile.

Kwanza tuliondoe lile linalosemwa barazani, kwamba ushairi si kazi ya kutafutiwa fedha, na kwamba kuomba ruzuku ni kuombaomba. Mashairi yana heshima yake katika historia yetu. Hassan bin Thabit (R.A.) aliwekewa mimbari katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) ili autetee Uislamu kwa mashairi. Waandishi wa Sira wanasimulia kwamba Kaab bin Zuhair alipokuja kusilimu na kusoma kasida yake, Mtume (S.A.W.) alimvika joho lake mwenyewe. Na huku kwetu pwani, Utenzi wa Tambuka wa Bwana Mwengo, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ulitungwa kwa ombi la Sultani wa mji ule. Mtunzi kusaidiwa na mwenye uwezo si jambo geni lililoletwa na wazungu.

Ama yale mafundisho kwamba mkono wa juu ni bora kuliko wa chini, hayo yanamkataza mtu kuufanya mkono wake kuwa biashara. Ruzuku ni mapatano. Mfadhili anatoa fedha, mwandishi anatoa kazi, na kila upande una haki na wajibu wake. Anayeiomba kwa ukweli na kuitimizia masharti hajajidhalilisha.

Pili, ni lazima tutofautishe majina matatu ambayo watu huyachanganya: tuzo, ruzuku na mkopo.

Tuzo hutolewa kwa kazi iliyokwisha kufanywa. Hapa Tanzania tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa mwanzo walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023. Mshindi wa kwanza katika fungu lake hupewa shilingi milioni 10, na kitabu chake huchapishwa. Ipo pia tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo sasa inajulikana kwa jina la Safal. Hiyo hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa, na hilo ni jambo kubwa kwa yule ambaye mali yake yote ni daftari. Katika mwaka wake wa kwanza wa kutolewa, 2015, Mohammed Khelef Ghassany wa Pemba alituzwa kwa diwani yake ya N'na Kwetu. Na kwa wenye kuandika khat, kuchora nakshi au kufuma, iko Tuzo ya Jameel, inayoendeshwa pamoja na jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London tangu mwaka 2009. Hiyo ni kwa wasanii wa zama hizi ambao kazi zao zimechota katika mila za sanaa ya Kiislamu. Ni mlima mrefu kwa anayeanza, lakini ni vema kijana ajue kwamba sanaa aliyoiona kwenye kuta za msikiti ina thamani mbele ya walimwengu.

Ruzuku hutolewa kwa kazi ambayo bado inafanywa, wala hairudishwi maadamu masharti yametimizwa. Mfuko wa Prince Claus wa Amsterdam umekuwa ukiwapa wasanii wanaochipukia, wakiwemo wa Afrika, euro 5,000 kila mmoja katika mpango wake uitwao Seed Awards. Jijini Nairobi kuna HEVA Fund, ambayo inashughulika na kazi za ubunifu katika Afrika Mashariki. Hii haitoi ruzuku peke yake, bali hutoa mikopo pia. Kwa hiyo kila tangazo lisomwe lenyewe, isidhaniwe kwamba taasisi moja ina mlango mmoja.

Mkopo ni deni, hata ukipambwa kwa jina zuri. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania umewasaidia wasanii wengi kwa njia ya mikopo, na ni haki ya kila msanii kwenda kuulizia. Lakini Muislamu anayeingia katika ofisi yoyote ya mikopo aulize waziwazi: je, nitarudisha kile nilichokichukua, au nitarudisha na ziada? Je, kuna mkataba usio na riba? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Basi anayeona haya kuuliza na kuandikiana anaacha jambo lililopewa nafasi kubwa katika Kitabu chake.

Tatu, masharti. Wapo wafadhili wasiotaka chochote ila ripoti, na wapo wanaotaka zaidi. Miles Morland Foundation ya Uingereza, kwa mfano, katika ufadhili wake kwa waandishi wa Afrika, imekuwa ikimtaka mwandishi kuandika maneno 10,000 kila mwezi, na kuahidi asilimia 20 ya mapato yatakayotokana na kazi aliyoiandika kwa fedha zile. Tena kazi yenyewe iwe kwa Kiingereza. Hatusemi kwamba ni vibaya, kwani mambo yamewekwa wazi tangu mwanzo. Tunasema asomaye ajue anaahidi nini, kwa sababu kutimiza ahadi ni sehemu ya imani. Kama mfadhili anataka kazi ibadilishwe mpaka iseme lile ambalo dini ya mwandishi hailikubali, hapo ni bora daftari libaki sandukuni.

Nne, matapeli. Kijana mmoja wa mtaa wetu alipokea ujumbe kwamba amepata ufadhili, isipokuwa atume kwanza shilingi 80,000 za "kufungulia jalada". Kaka yake alimkopesha, naye akatuma kwa simu. Tangu siku ile namba ile haikupatikana tena. Yako mashindano ya kweli ambayo hutoza kiingilio kidogo, na hilo hutangazwa mapema kwa kila mshiriki. Lakini anayekwambia kwamba umeshinda shindano ambalo hukuliomba, au kwamba ulipe ndipo ulipwe, huyo ni mwizi. Kabla ya kutuma hata senti, uliza watu watatu: mwalimu wako, mtu aliyewahi kupata fedha hizo, na mzazi wako.

Tano, maandalizi. Fursa hizi aghalabu huwa wazi kwa wiki chache tu, na asiyekuwa na karatasi zake tayari hukimbizana na siku zikamshinda. Kila mwandishi au msanii aliye nyumbani mwetu awe na jalada lake. Humo iwemo kazi iliyopigwa chapa na kuhifadhiwa mahali pawili, kwani daftari huliwa na mchwa na simu huibiwa. Yawemo maelezo ya maisha yake kwa ukurasa mmoja, yasiyo na majigambo. Ziwemo nakala ya kitambulisho na namba ya akaunti yenye jina lake mwenyewe. Yawemo makadirio ya matumizi yaliyoandikwa kwa uaminifu: karatasi, uchapaji, malipo ya mhariri, nauli ya kwenda kuwahoji watu, na posho yake ya miezi atakayoandika. Wengi huona aibu kujiwekea posho, kisha fedha ikifika huichukua kwa mlango wa nyuma. Iandike mbele ya macho ya mfadhili, ili iwe halali yako.

Na anapoandika ombi, ajibu maswali matatu tu kwa lugha nyepesi: nataka kufanya nini, kwa nini mimi ndiye nikifanye, na fedha hii itabadilisha nini. Yule binti wetu katika ombi lake la kwanza alianza kwa kurasa mbili za kusifu umuhimu wa fasihi duniani. Tulimshauri aanze na wajane wanne aliokaa nao jikoni wakati wa eda zao na kuwasikiliza. Pale ndipo ombi lake lilipopata uhai.

Sasa tuwageukie wazazi na ndugu. Fedha ya ruzuku ni amana. Tumeona familia ambayo kijana wao alipopata fedha ya kuchapisha kitabu, kila mtu alikuja na haja yake: paa linavuja, harusi ya shangazi imekaribia, mdogo wake anadaiwa ada. Haja zote zilikuwa za kweli. Lakini fedha ilikwisha, kitabu hakikutoka, na kijana alishindwa kuandika ripoti. Tangu hapo haombi tena popote, kwa kuwa anaona aibu. Nduguze walimpenda, lakini walimfungia mlango. Na kama mwenye fedha ni binti, tukumbuke kwamba Suratun Nisaa, aya ya 32, imewathibitishia wanawake fungu lao katika wanachokichuma. Baba amlinde na amshauri, asimnyang'anye.

Na sisi tunaosimamia misikiti tuna la kwetu. Kuna ndugu ametuuliza kama mshairi anaweza kupewa zaka. Mafungu ya zaka ni manane, yametajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, na ushairi si mojawapo. Mshairi akiwa fakiri au maskini atapewa kwa ufakiri wake, si kwa beti zake. Lakini mlango wa sadaka na wa wakfu ni mpana. Wazee wetu waliweka wakfu mashamba, nyumba na visima, na kwa mapato ya wakfu kama hizo wanavyuoni walikula, wakasoma na wakaandika. Je, ni vigumu kiasi gani mtu mmoja mwenye duka kuweka wakfu chumba kimoja, ili kodi yake kila mwaka ichapishe kitabu kimoja cha kijana wa mtaa wake? Tunawaomba wenye uwezo walifikirie.

Kamati yetu imekwisha kuamua mambo mawili. Barua yoyote ya utambulisho itatoka ndani ya siku tatu tangu iombwe, na katibu ataisaini bila ya kusubiri kikao, madhali mwombaji anafahamika. Na kila Jumamosi baada ya Alasiri kompyuta ya madrasa itakuwa wazi kwa yeyote anayetaka kupiga chapa kazi yake, wanawake wakiwa na saa yao na wanaume saa yao.

Yule binti alikuwa wa kwanza kuitumia. Mpaka tunaandika haya amefika ubeti wa 210. Mama yake huketi karibu na dirisha akimsomea kutoka katika daftari, na mara nyingine humsahihisha. Hatujui kama atapata fedha yoyote, kwani waombaji ni wengi na riziki hugawanywa na Mwenyewe. Lakini safari hii barua yake iko tayari, imesainiwa na kugongwa muhuri, nayo hatukuitia katika jalada. Tumemkabidhi mama yake mkononi.

Wabillahi tawfiq.