MWOSHA VYOMBO ALIYEJUA DENI LAKE

Wengi wetu twapenda senema, na jina la Sidney Poitier twalijua. Husifiwa kwa kuwa mwaka 1964 alikuwa mwanamume wa kwanza mweusi kupewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji mkuu, kwa picha ya Lilies of the Field. Sisi twataka kusema habari za njia aliyopita, maana ndiyo inayotuhusu.

Wazazi wake walikuwa wakulima wa nyanya katika kisiwa cha Cat, Bahama, wakati visiwa hivyo vikitawaliwa na Mwingereza. Shule aliisoma kidogo mno. Alipokuwa na miaka 15 alipelekwa Miami, akakutana na ubaguzi wa rangi uso kwa uso. Akaenda New York, akawa mwosha vyombo mahotelini. Alipokwenda kujaribiwa katika American Negro Theatre, Harlem, alishindwa kusoma sawasawa maneno aliyopewa, akafukuzwa na kuambiwa akatafute kazi ya kuosha vyombo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Husema, "Alijitahidi mwenyewe, akafika." Kujitahidi alijitahidi. Lakini palikuwa na mzee mmoja Myahudi, mtumishi wa mezani katika hoteli alimofanya kazi, aliyekaa naye usiku baada ya kazi, kwa majuma kadhaa, akimfundisha kusoma gazeti neno kwa neno. Mzee yule hakuwa tajiri. Alikuwa na gazeti na moyo.

Wapo wanaosema kuwa Poitier aliigiza yale aliyoandikiwa na mabwana. Neno hilo lina ukweli: Something of Value, picha ya mwaka 1957 iliyohusu Mau Mau, ilitoka katika kitabu cha Mmarekani mweupe, si kinywani mwa wenye nchi. Lakini mtu hupimwa pia kwa matendo yake nje ya senema. Mwaka 1959 aliungana na Harry Belafonte na Jackie Robinson kuwaombea michango vijana wetu, na mwezi Septemba wanafunzi 81, wengi wao wa Kenya, wakapanda ndege kwenda kusoma Marekani kwa mpango wa Tom Mboya. Mwaka 1964 yeye na Belafonte walipeleka Mississippi, kwa mikono yao wenyewe, dola zipatazo 70,000 za kuwasaidia wapigania haki ya kura, wakiwindwa njiani na wabaguzi. Alijua deni lake.

Je, sisi? Matawini mwetu wamo wanachama wanaolipa ada kila mwezi na bado hutia dole gumba. Na wamo waliosoma ambao jioni huketi barazani wakibishana habari za mpira. Mwanachama asiyeweza kusoma katiba ya chama chake huongozwa kama kipofu: leo ataongozwa vema, kesho atauzwa.

Basi twataka kila tawi lifungue darasa la kisomo la usiku. Tusingoje serikali, wala tusingoje madawati. Taa, gazeti hili na saa moja vyatosha kuanzia.

Poitier alifariki Januari 2022, akiwa na miaka 94. Katika uzee wake alisikitika kwamba hakupata kumshukuru mzee yule. Lakini deni la namna hiyo halilipwi kwa aliyekukopesha tu. Hulipwa pia kwa anayekufuata nyuma. Ewe uliyesoma, ni nani unayemfundisha usiku wa leo?